Tundu la Kaseti: Jinsi ya Kuitambua IBM ya Mwanzo

Nembo ya mbele si ushahidi. Mtu anayetaka kujua kama kompyuta kuukuu iliyo mbele yake ni IBM Personal Computer ya mwaka 1981, au ni mdogo wake XT wa mwaka 1983, aanze kwa kulikubali hilo. Kwa mbali zinafanana kama pacha: sanduku la chuma la rangi ya krimu, nafasi mbili pana za diski, kibodi nzito yenye vitufe 83. Na nembo hubanduka, ikabandikwa kwingine.

Diski nayo hudanganya. Wengi wanajua XT ilikuja na diski ngumu ya megabaiti 10, basi wakiiona tu wanahukumu. Lakini wenye PC nao waliongeza diski ngumu baadaye, na zikaja XT zilizouzwa bila diski hiyo.

Sasa igeuze mashine. Nyuma ya PC kuna matundu mawili ya duara yanayofanana, moja la kibodi, jingine la rekoda ya kaseti. XT ina moja tu. Fungua kava uhesabu nafasi za kadi: PC ina tano, XT nane. Pawa saplai ya PC ni ya wati 63.5, ya XT 130, ila hiyo fundi huweza kuibadilisha. Matundu na nafasi za kadi ni sehemu ya bodi yenyewe, kwa hiyo ndiyo ya kuaminiwa zaidi.

Lakini kaseti ilifuata nini kwenye mashine ya IBM, kampuni ya mabenki na maofisi? Jibu liko kwenye bei. PC ilipotangazwa tarehe 12 Agosti 1981, ile ya chini kabisa iliuzwa dola 1,565, ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16, bila diski wala skrini. Mnunuzi angeweza kutumia televisheni yake na kuhifadhi programu zake kwenye kaseti. Timu ya Don Estridge, kule Boca Raton, Florida, ilimwaza mtu wa ofisini na mtu wa sebuleni kwa pamoja. Mashine iliuzwa hata katika maduka ya Sears.

Kufikia Machi 1983, XT inatoka, sebule imeshaachwa. Tundu limeondolewa, umeme umeongezwa, diski ngumu imeingia. Kichekesho ni kwamba BASIC ya kaseti ilibaki ndani ya chipu za XT, mlango wake ukiwa umeshazibwa. Mtu wa nyumbani akatafutiwa mashine yake, PCjr, iliyotangazwa Novemba mwaka huohuo, na mwaka 1985 ikasimamishwa.

Kwa hiyo anayehesabu matundu anasoma kampuni ikibadili mawazo.

Kuna ushahidi mmoja zaidi, nao unataka uangalifu. Chipu ya BIOS ina tarehe ndani yake. Ukikuta 10/27/82, isome Kimarekani: 27 Oktoba 1982. BIOS za PC za kabla ya hiyo hazikuweza kuitambua kadi ya diski ngumu, hivyo mwenye mashine ya mwaka 1981 aliyetaka diski alilazimika kubadilisha chipu. Ukikuta chipu ya 1982 kwenye bodi ya mwanzo, usiseme imechakachuliwa. Huenda kuna mtu alikataa kununua mashine mpya, akaiongezea ya zamani maisha.

Hapo ndipo ninapopishana na wakusanyaji wanaong'oa kila kilichoongezwa ili mashine irudi kama ilivyotoka kiwandani. Kiwanda kimeandikiwa vitabu. Aliyeitumia mashine hiyo miaka kumi, pengine hakuacha maandishi mengine zaidi ya hiyo chipu. Tambua modeli, andika ulichokikuta, kisha rudisha kava.