Mkosano, si "karibu-ajali"

Lori lililopanda mlima wa Ngomo linaingia Nyangezi, Kivu Kusini, pikipiki inakatiza mbele yake kuelekea upande wa pili, na sekunde moja baadaye lori linapita palepale pikipiki ilipokuwa. Hakuna aliyeumia, kwa hiyo hakuna daftari lililoandika kitu. Matukio ya namna hii yana mbinu yake ya kuhesabiwa tangu 1968, Perkins na Harris wa General Motors walipoieleza, maana anayengoja maiti ndipo ahesabu amekwisha kuchelewa. Nasi tunaoishi kando ya barabara ileile ambako lori la mafuta liliunguza Sange tarehe 2 Julai 2010 hatuhitaji kufundishwa hilo. Siku hizi kamera na programu hufuata mapito ya kila chombo na kupima muda kati ya kupita kwa kimoja na kingine. Linalosumbua ni jina la tukio lenyewe. Kamati zinazounda maneno bila kuyatamka kwa sauti zimetuletea "karibu-ajali", na kwa sikio la Mswahili huko ni kuukaribisha msiba ndani. "Mgongano" ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa mgongano ndio ajali yenyewe.

Nashikilia mkosano. Kitenzi kosa ni tajiri: mshale hukosa shabaha, mtu hukosa adabu, mwenye njaa hukosa chakula. Kitie -an- ya kutendana, upate wawili ambao kila mmoja amemkosa mwenzake. Nitaambiwa kwamba kukosana ni kugombana, na msomaji atadhani madereva wametukanana. Ni kweli, na hiyo ndiyo nguvu ya neno: Kifaransa cha wahandisi wetu husema conflit, nalo ni la ugomvi vilevile, wala halijampoteza mhandisi yeyote. Wawili wamegombea kipande kimoja cha lami, kisha wakakosana. Maana zote mbili zimo katika neno moja. Wanaotetea "nusura" wana neno zuri, lenye mzizi wa Kiarabu wa msaada na ushindi, ila linamsimulia aliyeokolewa. Kamera haimwoni mwokozi. Inaona vyombo viwili na sekunde zilizo kati yao, na istilahi ya kipimo haina budi kutaja kinachopimwa.

Katika matumizi: mkosano, mikosano; muda wa mkosano ni ule wa tangu chombo cha kwanza kitoke mahali hadi cha pili kifike hapo, na ukiwa mfupi, mkosano ni mkali.