Mkanda wa Serengeti na Mabanda ya Video ya Mara

Ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro lipo kaburi la Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyefariki tarehe 10 Januari 1959 akiwa na umri wa miaka 24, baada ya ndege yake ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia kugongana na tai na kuanguka. Baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, aliikamilisha filamu waliyokuwa wakiipiga pamoja, akaitoa mwaka huo huo kwa jina la Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti isife, na Aprili 1960 ikapata tuzo ya Oscar. Hayo yameandikwa mara nyingi. Lisilosemwa sana ni namna filamu hiyo, iliyopigwa katika nyika wanazopakana nazo watu wa Wilaya za Serengeti na Tarime, ilivyoingia majumbani mwa watu wa mbali, ilhali wenyeji wa Mkoa huu wa Mara walikuwa wakitazama picha nyingine kabisa.

Zama hizo mtu aliyetaka kuona filamu hakuwa na budi kwenda sinema. Mambo yaligeuka baada ya 1976, kampuni ya JVC ya Japani ilipoleta mtambo wa VHS, na filamu za kale zikahama kutoka majumba ya sinema hadi sebuleni. Hiyo ya Grzimek nayo ikatiwa katika kanda, kisha katika DVD, ikauzwa Ujerumani na kwingineko kama kazi adhimu isiyochakaa. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nacho tangu miaka ya 1970. Basi masharti ya kuingiza bidhaa yalipolegezwa kuanzia 1984, deki ya video ikatangulia kituo, na televisheni ikanunuliwa kwa ajili ya mikanda tu.

Katika miji kama Mugumu, Tarime na Sirari, mahali pa deki hapakuwa sebule bali banda: mabati, mabenchi ya mbao, jenereta inayonguruma uani, na ubao wa nje wenye jina la picha ya jioni kwa chaki. Humo ndimo Bruce Lee wa Enter the Dragon, filamu ya 1973, na Schwarzenegger wa Commando ya 1985, na Rambo, na mashujaa wa picha za Kihindi, walipopata heshima ambayo wenye filamu hizo hawakuijua kamwe. Na kila mtoto alijua kwamba steringi, yaani shujaa wa picha, hafi.

Lakini fahari ya banda ilikuwa mtafsiri. Profesa Matthias Krings wa Chuo Kikuu cha Mainz, ambaye ameitafiti sanaa hii kwa makini na ambaye ninamtegemea hapa, anamtaja Kapteni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, kuwa miongoni mwa waasisi wake nchini. Mtafsiri alishika maikrofoni, akapunguza sauti ya picha, akaisimulia filamu nzima kwa Kiswahili: akawapa watu wa kigeni tabia za watu wa mtaani, akaeleza desturi wasizozijua watazamaji, akatia hekima na matani yake mwenyewe; na baadaye masimulizi hayo yakarekodiwa juu ya mikanda yenyewe na kuuzwa. Makala mojawapo ya Krings imeliita jambo hili kugeuza wali kuwa pilau, wala sijaona usemi unaolistahiki zaidi. Wale waliodai kwamba kazi hiyo ni uharibifu wa filamu za watu hawakuwa na insafu, kwa kuwa bila ya mtafsiri picha zile zingekuwa vivuli visivyosema neno kwa umati uliolipa kiingilio.

Na hapa ndipo ninapouona upungufu mkubwa wa filamu ya Grzimek, ambao sijasikia mtafsiri yeyote aliyepewa fursa ya kuurekebisha. Baba na mwana waliruka juu ya tambarare wakahesabu wanyama 366,980, wakafuata njia za nyumbu, wakaupinga mpango wa serikali ya Kiingereza wa kuikata Ngorongoro kutoka Serengeti. Wakashindwa, na mwaka 1959 Wamaasai wakahamishiwa Ngorongoro, na hifadhi ikatengwa isikaliwe na mtu. Katika hoja hiyo Profesa hakuwa na shaka: hata wenyeji, aliamini, wasiishi ndani ya mipaka ya hifadhi. Lakini upande wa magharibi palikuwa na Waikoma, Wanata, Waishenyi na Wangoreme, na upande wa kaskazini Wakurya, ambao kipande chao cha Lamai, ng'ambo ya Mto Mara, kilitiwa hifadhini katika miaka ya 1960. Jan Bender Shetler, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa huku katika kitabu chake cha mwaka 2007, ameonyesha kwamba nyika hiyo kwao ilikuwa mahame ya mababu, vilima vya matambiko, visima na njia za mawindo, yote yakiwa na majina. Katika filamu iliyopewa Oscar, mtu wa kaumu hizo huonekana zaidi akiwa jangili, mwenye tanzi la waya. Familia ya Ulaya iliyonunua kanda ilinunua pia kimya hicho.

Mabandani nako mikanda ikaja kuwa CD, CD zikawa DVD za Bongo Movie, yaani filamu za Kitanzania, mwaka 2013 zikabandikwa stempu za kodi, kisha yote yakaingia katika flashi na simu.

Ninahuzunika kwamba taarikhi ya watafsiri wetu imetunzwa zaidi Mainz kuliko Tarime, na kwamba katika marundo ya diski za Mugumu niliyowahi kuyapekua sikuikuta filamu iliyopigwa jirani. Jumuiya ya Zuolojia ya Frankfurt, shirika la uhifadhi, ingali inafanya kazi Serengeti. Pamoja na wakuu wa hifadhi inaweza kuitoa upya filamu ile kwa Kiswahili, ikauzwa Mugumu na Tarime kwa bei ya hapa. Mtafsiri atafutwe katika vijiji vya Robanda au Nata, naye awasikilize wazee kwanza, mlima kwa mlima na jina kwa jina, kabla ya kushika maikrofoni.