Risasi ya Eldoret: unene wa kadi ya benki unavyoweza kupasua bastola

Eldoret ikitajwa, wengi wetu huku Pwani hukumbuka wakimbiaji, mahindi na baridi. Wachache hukumbuka kwamba huko ndiko risasi za Kenya zinakotengenezwa. Kiwanda cha Kenya Ordnance Factories Corporation kiko chini ya Wizara ya Ulinzi, na kilijengwa kwa mitambo ya kampuni ya FN Herstal ya Ubelgiji. Mwaka 1997 kikafanywa rasmi shirika la serikali. Hutengeneza, pamoja na nyingine, risasi za bastola za milimita 9 na za bunduki za 7.62 kwa 51, zinazotumika katika G3 za polisi wetu.

Kuna kipimo kimoja katika kazi ile ambacho mwenye silaha yeyote, awe askari, mlinzi au raia mwenye leseni, anafaa kukijua: kichwa cha risasi kimezama kiasi gani ndani ya ganda lake.

Risasi ina nini ndani

Risasi nzima ina sehemu nne. Kuna ganda la shaba, kiwashio kilichoko kitakoni, baruti ndani, na kichwa, ambacho ndicho kinachoruka. Kiwashio kikigongwa, baruti huwaka na kuwa gesi. Gesi hiyo ndiyo humsukuma kichwa kwenye mtutu.

Baruti ya risasi ina tabia moja: presha ikipanda, nayo huwaka kwa kasi zaidi, na ikiwaka kwa kasi presha hupanda tena. Sasa ukikizamisha kichwa zaidi, umepunguza nafasi ndani ya ganda. Kiasi cha baruti ni kile kile, lakini chumba kimekuwa kidogo. Ziba mdomo wa pampu ya baiskeli kwa kidole, usukume mkono wake. Utahisi jinsi hewa inavyokaza kila nafasi inapopungua.

Bastola na bunduki si sawa

Ganda la bastola ni dogo, kwa hiyo hata upungufu mdogo wa nafasi ni mkubwa kwake. Kampuni ya Speer ya Marekani iliwahi kuchapisha jaribio la risasi za milimita 9: vichwa viliposukumwa ndani kwa milimita 0.76 tu, yaani unene wa kadi ya benki, presha ilipanda zaidi ya maradufu. Kwa vipimo vya Ulaya, presha ya juu inayoruhusiwa kwa risasi hiyo ni bar 2,350, zaidi ya mara elfu ya gurudumu la gari dogo. Zidisha hiyo kwa mbili, uone chuma kinabebeshwa nini.

Je, kasi nayo huongezeka maradufu? La. Huongezeka kidogo tu, kwa sababu presha hiyo hupanda ghafla na kushuka mara moja. Faida ni chembe, hatari ni gunia.

Kwa bunduki mambo yana pande mbili. Kichwa kikiwekwa nje sana hadi kikagusa mifuo ya mtutu, presha hupanda, kwa kuwa kinaanza safari kikiwa kimebanwa. Ni kama mashua iliyokwama mchangani: kuing'oa kunataka nguvu kuliko kuisukuma ikiwa tayari inaelea. Kikirudishwa ndani kidogo hupata nafasi ya kuanza mwendo kabla ya kukutana na mifuo, na presha na kasi hushuka kidogo. Kikizidi kuzamishwa, ule upungufu wa nafasi hushinda, na presha hupanda tena.

Kwa hiyo kina hiki si jambo la kukisia kwa jicho. Viwandani urefu wa risasi hupimwa, na sampuli hupigwa kwenye mtutu maalumu wenye kipima presha.

Linatuhusu vipi

Marekani wako watu wengi wanaojaza maganda upya nyumbani. Wao wana vitabu vya vipimo na mizani ya baruti, na bado ajali hutokea. Kwetu, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hairuhusu mtu kutengeneza risasi bila kibali.

Hata hivyo, kichwa kinaweza kuzama bila mtu kukusudia. Risasi ile ile ya bastola ikiingizwa kwenye chemba na kutolewa kila siku, asubuhi na jioni, kila mara kichwa hugonga chuma na kinaweza kusukumwa ndani polepole. Mlinzi anayefanya hivyo mwaka mzima anaweza kuwa anabeba hatari bila kujua.

Dawa yake ni rahisi. Zisimamishe risasi zako kando kwa kando, za aina moja na toleo moja, juu ya meza iliyo sawa. Iliyo fupi kuliko wenzake usiipige wala usijaribu kuivuta kwa koleo. Itenge, uirudishe kwa mkuu wa ghala la silaha au kwa muuzaji mwenye leseni. Na aliyeokota risasi shambani au ufukweni asiichokore. Awaite polisi waichukue.