Mshtuko wa moyo: Vijana nao wamo hatarini

KIJANA wa miaka 30 anapolalamikia maumivu ya kifua, walio karibu naye hudhani haraka kuwa ni kichomi, gesi au vidonda vya tumbo. Hupewa dawa ya kupunguza tindikali na kuambiwa apumzike, huku saa zikipita. Mara nyingine huwa ni hayo waliyodhani. Lakini ikiwa ni mshtuko wa moyo, saa hizo ndizo zinazoamua iwapo atapona, atabaki na moyo dhaifu, au atapoteza maisha.

Mshtuko wa moyo hutokea pale mshipa unaopeleka damu katika msuli wa moyo unapoziba. Chanzo, kwa kawaida, ni mafuta yanayojikusanya katika ukuta wa mshipa kwa miaka mingi, kuanzia ujanani. Utando unaoyafunika ukipasuka, damu huganda juu yake na kuziba njia. Msuli uliokosa damu huanza kufa, na ukishakufa haurudi.

Hali hiyo ni tofauti na moyo kusimama ghafla, ingawa ya kwanza yaweza kusababisha ya pili. Mchezaji wa Cameroon, Marc-Vivien Foé, aliyeanguka uwanjani na kufariki dunia mjini Lyon, Ufaransa, Juni 26, 2003 akiwa na miaka 28, alibainika kuwa na msuli wa moyo ulionenepa kupita kiasi. Hiyo ni hitilafu ambayo mara nyingi hurithiwa, si kuziba kwa mshipa.

Mambo yanayochochea mshtuko wa moyo yanafahamika. Utafiti wa INTERHEART, uliofanyika katika nchi 52 na kuchapishwa mwaka 2004 katika jarida la The Lancet, ulionyesha kuwa mambo tisa yanayoweza kubadilishwa au kudhibitiwa yanaeleza takriban asilimia 90 ya hatari hiyo. Yaliyo mazito zaidi ni uvutaji wa sigara na wingi wa lehemu mbaya katika damu. Mengine ni pamoja na shinikizo la damu, kisukari, kitambi, msongo wa mawazo, kutofanya mazoezi na upungufu wa matunda na mboga katika mlo. Uzito wa mambo hayo ulionekana zaidi kwa wenye umri mdogo kuliko wazee.

Kwa vijana yapo pia mengine. Mtu ambaye baba au kaka yake alipata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada yake kabla ya miaka 65, yumo katika hatari kubwa zaidi. Dawa ya kulevya aina ya kokeini huweza kubana mishipa ya moyo hata ya mtu mwenye afya. Wanaoishi na virusi vya Ukimwi nao wana hatari kubwa kuliko wasio navyo, hivyo hupaswa kupimwa shinikizo, sukari na lehemu wakiendelea na matibabu yao.

Dalili kuu ni maumivu au kubanwa katikati ya kifua kwa dakika kadhaa, ambako huweza kusambaa hadi mkononi, shingoni, tayani au mgongoni. Jasho jembamba, kichefuchefu na kuishiwa pumzi huweza kuambatana nayo. Baadhi ya wagonjwa, hasa wanawake na wenye kisukari, hawapati maumivu makali.

Mwenye dalili hizo asiendeshe gari mwenyewe, bali apelekwe hospitali mara moja. Kutafuna aspirini husaidia kuzuia damu kuganda zaidi, isipokuwa kwa mwenye mzio nayo au anayetokwa na damu. Hospitalini, kipimo cha umeme wa moyo hutakiwa kufanyika ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Ndugu wana haki ya kukiomba, hata kama mgonjwa ni kijana.