Mizimu ya Msitu na Moto wa Chuma: Historia katika Filamu «Mononoke Hime»

Filamu ya katuni «Mononoke Hime», iliyotungwa na Hayao Miyazaki na kuonyeshwa Japani mwaka 1997, huhesabiwa na wengi kuwa ngano ya mizimu. Lakini mizimu hiyo ina wakati wake. Hadithi imewekwa katika enzi ya Muromachi (1336–1573), ambapo mfalme alikuwa na heshima kuliko nguvu, na mabwana wa vita waligombania ardhi.

Jina lenyewe lafaa kuchunguzwa kwanza. «Mononoke» ni neno la kale linalotaja pepo mwenye kinyongo, amwingiaye mtu na kumletea maradhi. Pepo wa kwanza katika filamu ni Nago, nguruwe mwitu aliyeharibiwa na kipande cha chuma kilichopenya mwilini mwake. Ashitaka, kijana wa Emishi, watu wa kaskazini-mashariki waliotiishwa na dola ya Yamato, anamuua na kurithi laana yake. Chanzo cha laana hiyo, basi, ni risasi.

Risasi yatoka katika mji wa Bibi Eboshi. Mafundi wa Japani waliyeyusha mchanga wa chuma katika tanuru ya udongo iitwayo tatara, wakiilisha makaa usiku na mchana kwa siku kadhaa. Makaa yalidai miti, na miti ilikuwa makao ya miungu. Shishigami, mwenye mwili wa kulungu na uso ufananao na wa binadamu, huotesha majani na kuyakausha kwa hatua ile ile: ni uhai na mauti pamoja. Kukatwa kichwa chake ni ishara ya msitu uliofyekwa.

Hata hivyo, Miyazaki hakunakili historia. Kwa desturi ya mafundi wa tatara, wanawake walizuiwa kukaribia tanuru. Katika filamu ndio wanaokanyaga mivukuto, baada ya kukombolewa kutoka madanguro. Wagonjwa wa ukoma, waliotengwa na jamii, hutengeneza bunduki na kutunzwa kwa heshima. Kama Eboshi angekuwa mwovu tu, hukumu ingekuwa rahisi. Kumbe chuma kiuacho msitu ndicho kiwalishacho wanyonge.

Mwishoni nyasi zachipua tena. Kwa San, binti aliyelelewa na mbwa mwitu, Shishigami amekufa; kwa Ashitaka, hawezi kufa, kwa kuwa ndiye uhai wenyewe. San anarudi msituni, Ashitaka anabaki mjini. Filamu haiwapatanishi kwa nguvu. Yakumbusha kwamba kila jembe na kila upanga vilikuwa na gharama, ambayo tarehe za wafalme na mashujaa huipitia kimya.