Nyuma ya Bibi Harusi

Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mwaka 1973. Bara tulisubiri hadi 1994, na huku mbali na mitambo tuliendelea kusubiri. Kwa miaka mingi sinema yetu ilikuwa deki ya VHS, jenereta na kibanda cha kiingilio. Kwa hiyo mtu wa Kaniha aliyejiona kwenye kioo, mara nyingi alijiona kwenye mkanda wa harusi.

Mikanda hiyo ndiyo ninayoikusanya kwa tasnifu yangu ya uzamili. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24, na wapiga picha wa dunia wakaja Benaco. Picha zao zina maktaba za kuzitunza. Za majirani waliokuwa wakioana na kuzikana miaka ileile zimo kabatini, pamoja na ukungu.

Natumia Dell OptiPlex 755 ya mtumba, iliyokuja na Core 2 Duo. Saa moja ya mkanda ina picha 90,000, maana mfumo wetu ni picha 25 kwa sekunde. Kompyuta hukata kila picha vipande vya mraba, hutafuta kila kipande kimehamia wapi tangu picha iliyotangulia, huandika tofauti tu, kisha hutupa kile inachodhani jicho halitakikosa. Hesabu iliyo chini ya kazi hii ilichapishwa na Nasir Ahmed na wenzake mwaka 1974, H.264 ninayoitumia ni ya 2003. Kurenda saa moja kwa ubora nilioutaka kulichukua karibu saa tano.

Fundi alinichomekea Core 2 Quad Q6600, prosesa ya 2007 inayokaa soketi ileile. Alifuta krimu kavu, akapaka mpya, akaning'oa macho kwa bei ya feni. Viini vinne vikagawana picha, saa tano zikawa kama tatu. Deki haikujali. Mkanda wa saa moja bado unachezwa kwa saa moja, na hakuna prosesa itakayouharakisha.

Muda niliouokoa nimeurudisha kwenye ubora. Wengi huchagua mpangilio wa haraka na faili dogo liingie kwenye simu. Kwa filamu za kupitisha jioni, sawa. Lakini VHS iliyopigwa chini ya taa ya jenereta imejaa chenga, na kompyuta yenye haraka haitofautishi chenga na uso uliosimama gizani. Vyote inavipaka tope.

Mama mmoja nilimwonyesha harusi ya 1997 kwa mipangilio yote miwili. Katika faili la haraka alimtazama bibi harusi, akacheka gauni. Katika lile la polepole alinyamaza, akasogeza kiti.

“Rudisha kidogo, mwanangu. Huyo wa nyuma, mwenye kofia. Ni kaka yangu. Hatuna picha yake nyingine.”

Nikarudisha.