Mkono Mtupu Haulambwi: Habari za Waalimu wa Hiari

Wazee husema: Mkono mtupu haulambwi. Maana yake, watu hawamfuati asiye na kitu cha kuwapa. Lakini ziko kazi kubwa duniani zinazoendeshwa na mikono mitupu. Mojawapo ni kazi ya kuwafundisha watu wazima Kiingereza katika nchi za Marekani na Uingereza. Tangu zaidi ya miaka 100, makarani, mafundi, akina mama wa nyumbani na wazee waliokwisha acha kazi hutoka jioni, huenda kuwafundisha wageni na wenyeji wasiojua kusoma, wala hawapati hata senti moja.

Ni jambo jema kabisa. Lakini kila aliyepata kuongoza waalimu wa namna hiyo ameonja uchungu wake. Mwalimu wa mshahara akikosa, mkubwa wake aweza kumkata mshahara au kumwondoa. Mwalimu wa hiari utamkata nini? Ukimkaripia, atajibu: “Nimekuja kuwasaidia, nanyi mwanigombeza!” Kisha atatwaa kofia yake aende zake. Nawe ukimwacha afanye apendavyo, ataumia mwanafunzi. Basi, kati ya hatari hizo mbili, viongozi walipita njia gani? Tuulize historia.

Nyumba ya Chicago

Mwezi wa Septemba 1889, wanawake wawili, Jane Addams na Ellen Gates Starr, walihamia katika nyumba moja ya zamani mtaani Halsted, mjini Chicago. Nyumba hiyo iliitwa Hull-House. Majirani zao walikuwa wageni waliotoka Ulaya kutafuta kazi: Waitalia, Wajerumani, Wayahudi wa Urusi na Polandi, baadaye Wagiriki. Wengi hawakujua Kiingereza. Mchana walifanya kazi viwandani, jioni wakaja Hull-House kujifunza.

Waalimu hawakukosekana. Vijana wa kike na wa kiume waliotoka vyuoni walikuja wenyewe kuomba kazi ya bure. Lakini Bibi Addams aliona upesi kwamba elimu nyingi si dawa ya kila kitu. Ameandika mwenyewe juu ya mabwana wa chuo kikuu waliokuja kuzungumza na wafanyakazi. Walitumia maneno magumu ya darasani, wakashindana kusema jambo jipya kabisa la elimu yao, wakasahau watu walioketi mbele yao. Lakini alikuwako mmoja, mwalimu mdogo asiyepata bado cheo cha profesa, aliyefanya mazungumzo 12 juu ya namna viumbe vilivyogeuka polepole tangu zamani. Huyo alipendwa mno, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa angali akistaajabia mambo aliyoyafundisha. Hapo Bibi Addams akapata fundisho: watu wasio na shule hawapendi kupewa vijambo vidogo vidogo kama watoto. Wataka mambo makubwa, ila yasemwe kwa maneno mepesi.

Hull-House ilikuwa na kanuni nyingine iliyo ya akili sana. Aliyetaka kuja kukaa katika nyumba ile na kushiriki kazi zake alijilipia chakula na malazi mwenyewe. Tena hakupokelewa mara moja. Kwanza alikaa majuma 6 kama mtu wa kujaribiwa. Siku hizo aliweza kuhudhuria mikutano ya wakaaji, lakini hakuwa na kura. Majuma 6 yakiisha, kama ameonekana kuwa na faida kwa kazi, aliombwa abaki, iwapo yaelekea ataweza kukaa miezi 6. Kanuni hiyo iliandikwa na kutolewa katika kitabu mwaka 1895.

Angalia busara yake, msomaji. Asiyefaa hakufukuzwa kwa haya. Muda wake wa kujaribiwa ulikwisha tu, wakaagana kwa amani. Naye aliyefaa alijua tangu mwanzo kwamba nyumba ile si mahali pa kupitisha siku mbili tatu. Ni rahisi kufunga mlango kwa upole kabla mtu hajaingia. Akiisha kuketi na kuzoea kiti, ni vigumu.

Kitisho cha Dansalan

Sasa twende mbali, kwenye visiwa vya Filipino. Twaenda huko kwa sababu njia iliyotumiwa baadaye kuwafundisha watu wengi kusoma Kiingereza ilizaliwa huko, tena ilizaliwa siku fedha za waalimu zilipokwisha.

Frank Laubach, mmisionari Mprotestanti kutoka Marekani, alifika Filipino mwaka 1915. Mwishoni mwa mwaka 1929 alikaa Dansalan, kando ya ziwa Lanao, kati ya Wamaranao, watu wa dini ya Islamu. Aliandika lugha yao kwa herufi za Kilatini, akatengeneza karatasi za mafundisho, akaajiri waalimu. Mara umaskini ukaangukia Marekani, na fedha za kuwalipa waalimu zikakatika. Laubach aliona kazi itakufa. Hapo Kakai Dagalangit, mmoja wa wakubwa wa Wamaranao, akasimama. Akasema kwamba kila aliyekwisha jua kusoma atamfundisha mwingine. Akikataa, yeye atamwua!

Hakuuawa mtu, na kazi iliendelea. Neno lile likawa kanuni, kila mtu amfundishe mwenzake, nayo ikatembea duniani pamoja na Laubach, aliyezunguka nchi zaidi ya 100 mpaka alipokufa mwaka 1970. Lakini yeye hakuchukua upanga wa Dagalangit. Alijua kwamba kitisho chaweza kumleta mwalimu mbele ya mwanafunzi, ila hakiwezi kumfanya afundishe vizuri. Kwa hiyo waalimu wake aliwapa adabu ya kazi: Keti kando ya mwanafunzi, usisimame juu yake. Usimwulize neno asiloweza kujibu, mwambie tu. Usikunje uso, wala usipige miayo. Akipata, msifu. Mtu mzima asiyejua kusoma umheshimu kama mfalme.

Wengine wataona hayo ni mambo madogo. Lakini ndiyo yenyewe. Mtoto akiaibishwa shuleni, kesho atarudi, kwa sababu babaye atamrudisha. Mtu mzima hana wa kumrudisha. Akichekwa mara moja mbele ya wenzake, hatagombana wala hatashtaki kwa mkubwa. Juma lijalo kiti chake kitakuwa kitupu, na mwalimu atasema: “Watu hawa hawana bidii.”

Mama wa Syracuse

Mwaka 1961, katika mji wa Syracuse wa jimbo la New York, mama mmoja, Ruth Colvin, alisoma gazetini habari za hesabu ya watu iliyofanywa mwaka 1960. Alishtuka. Katika sehemu zile walikuwako watu wazima zaidi ya 11,000 wasioweza kusoma inavyotakiwa. Hakuwa mwalimu wa shule, lakini hakuweza kutulia. Mwaka 1962 alianzisha chama cha waalimu wa hiari, na ofisi yake ya kwanza ilikuwa nyumbani kwake, katika chumba cha chini.

Alianza kwa njia ya Laubach. Kisha aliona kwamba nia njema na kitabu havitoshi, akaomba msaada kwa wenye elimu ya kufundisha kusoma katika chuo kikuu cha mji ule. Tangu hapo chama kilishika neno moja: hakuna atakayekabidhiwa mwanafunzi kabla ya kufundishwa yeye mwenyewe. Mafundisho ya mwalimu mpya yalichukua kiasi cha masaa 18. Katika miaka ya 1970 Bibi Colvin alitoa pia vitabu vya kuwaongoza waalimu, kimoja juu ya kufundisha kusoma, na kingine, I Speak English, kwa wale wanaofundisha wageni wa lugha nyingine. Hicho cha pili chawatuliza waalimu: si lazima ujue lugha ya mwanafunzi wako. Tumia picha, vitu, ishara za mikono, na maneno machache yanayorudiwa.

Wazee husema pia: Nia njema ni tabibu. Ni kweli. Lakini tabibu naye hufundishwa kabla ya kushika kisu. Masaa 18 si mengi, lakini yalifanya kazi mbili. Yalimpa ujuzi mtu mwenye nia, tena yalimchosha mapema mtu asiye na nia. Aliyetaka kusifiwa tu hakuvumilia kukaa kama mwanafunzi jioni nyingi. Aliyesema “mimi najua tayari” alijitambulisha mwenyewe kabla ya kumharibia mtu yeyote.

Mwaka 2002 chama cha Bibi Colvin na kile cha Laubach viliungana, vikawa kimoja kiitwacho ProLiteracy, chenye makao yake Syracuse. Mwaka 2006 Bibi Colvin alipewa na Rais wa Marekani nishani ya uhuru, iliyo kubwa kuliko zote ambazo raia aweza kupewa katika nchi ile. Alikufa mwaka 2024, mwenye miaka 107.

Nyumba zilizofungwa za Uingereza

Uingereza nako walijaribu. Mwezi wa Oktoba 1975 BBC ilianza kuonyesha katika televisheni mchezo mfupi wa kila juma, On the Move, ili kuwatia moyo watu wazima wasiojua kusoma. Serikali ilitoa paundi milioni 1. Waalimu wa hiari wakajitokeza kwa maelfu na maelfu. Wengi walipewa kila mmoja mwanafunzi wake, wakafundishana wawili wawili nyumbani.

Njia hiyo ilikuwa na wema wake: mwanafunzi hakuonwa na watu, aibu ikapungua. Lakini ilikuwa na ubaya pia. Mlango ukiisha kufungwa, nani ajuaye yanayofanyika? Mwalimu mwenye maneno mengi aweza kuzungumza saa nzima, mwanafunzi asifungue kinywa. Mwenye huruma kupita kiasi aweza kumwandikia mwenzake kila barua na kumjazia kila karatasi, mwaka uishe bila mwanafunzi kujua kuandika jina la mtaa wake. Mwalimu huyo hana ubaya wowote moyoni; lakini amejifanya fimbo ya kipofu, naye kipofu hataki tena kuponywa. Miaka iliyofuata, sehemu nyingi za Uingereza walipunguza kazi ya wawili wawili, wakakusanya wanafunzi katika vikundi vidogo, waalimu wa hiari wakisaidia chini ya macho ya mwalimu aliyefundishwa.

Jambo hili latuhusu

Labda mtu atauliza: mambo ya Chicago na Syracuse yatuhusu nini sisi wa Kongo? Yatuhusu sana. Mwaka 2016 Marekani ilipokea wakimbizi Wakongo zaidi ya 16,000, wakapita kwa wingi wakimbizi wa taifa lingine lolote mwaka ule. Kati yao wako wengi wasemao Kiswahili, ndugu na jirani zetu wa mashariki. Huko mama wa makamo, aliyelima shamba lake miaka 20, yambidi amweleze daktari maumivu ya mtoto kwa Kiingereza. Na mgeni atakaye uraia wa Marekani kwa kawaida yampasa kuonyesha kwamba aweza kusema, kusoma na kuandika Kiingereza kidogo. Mara nyingi anayemfundisha ni mtu wa hiari. Mtu huyo akiwa mpole na mwenye kufika kwa saa, mama yule atapata mlango. Akiwa mwenye dharau, au akija leo na kukosa majuma matatu, mlango ule utafungwa, na mama hatajua hata amshtaki nani.

Basi, historia yatufundisha nini? Kwanza, mwalimu wa hiari aongozwe kabla ya kuanza, si baada ya kuharibu: ajaribiwe, afundishwe, aambiwe wazi siku na saa zake. Pili, asiachwe peke yake. Kiongozi aende kumtazama, asingojee mashtaka, maana mwanafunzi hatashtaki. Tatu, akikosa aonywe kwa siri na kwa neno moja lililo wazi, kama hili: “Juma lijalo mwache mwanafunzi aseme zaidi kuliko wewe.” Maneno ya jumla, kama “jitahidi”, hayamsaidii mtu. Nne, asiyeweza kufundisha aweza kufaa penginepo: kupanga vitabu, kupokea wageni mlangoni, kulea watoto wakati mama zao wanapojifunza. Na yule asiyebadilika hata baada ya hayo yote ashukuriwe na kuachwa aende. Kiongozi anayemwogopa kwa sababu anafanya kazi bure amesahau kwamba bure hiyo inalipwa na mwingine. Mwanafunzi hulipa kwa jioni zake, baada ya kazi ya siku nzima, na jioni hizo hazirudi.

Mkono mtupu haulambwi, lakini waweza kuongozwa. Hautaki kitisho kama cha Dagalangit, wala hautaki kubembelezwa tu. Wataka kuonyeshwa kazi yake wazi, na kukumbushwa mara kwa mara kwamba kazi ile ni mali ya mwanafunzi.